H ya Hafifu

Acheni nicheke kwanza mwenyewe, ndipo mnicheke nyinyi, maana mimi nimeshazoea, na kama yupo mtu kati ya Kiswere na Kilwa Kivinje ambaye hajasikia kwamba mimi Bakari niliwahi kumbeba mama mkwe wangu mgongoni mchana kweupe mbele ya kijiji kizima, halafu kesho yake watu wakaanza kuniamkia kwa jina la Bwana Hafifu, basi mtu huyo ama ni mgeni ama ana matatizo ya masikio. Sikusingiziwa. Nilimbeba kweli. Na yote yalianzia kwenye shokomzoba (vijana wa leo mnasema shokapu, haya, shokapu), kitu ambacho mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi hata kukiona kwa macho.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nami nilikuwa dereva wa landrova ya ushirika, ile iliyokuwa inazunguka kwa wakulima wa korosho, leo Mtama, kesho Lindi, keshokutwa sijui wapi. Dereva wa zama hizo alikuwa mtu. Ukipita watoto wanakimbia nyuma ya vumbi, wazee wanakuinulia mkono, na mimi, sitaki kuwadanganya, nilikuwa naendesha kiwiko kikiwa dirishani hata mvua ikinyesha. Lakini landrova yenyewe ilikuwa imechoka. Springi zake zilikuwa zimelala kabisa, tumbo linakaribia ardhi, na masika ikiingia, kwenye ule udongo mweusi kazi yake ilikuwa kukwama tu.

Sasa, kukwama kwenyewe kuliniponza kabla hata mkasa haujaanza. Baba mkwe wangu alifariki, mke wangu Zuhura akaenda kwao Kiswere kukaa na mama yake kwenye msiba, nami nikaahidi mbele ya watu kwamba siku ya arobaini nitafika mapema, na mchele nitaleta. Siku yenyewe ilipofika nilikuwa natoka Mtama, mvua ikanishukia, gari likakaa juu ya tumbo lake katikati ya tope, magurudumu yanazunguka hewani tu bila kazi, na mimi na mchele wangu tukashinda hapo tunatazamana. Nilipofika Kiswere hitima ilikwisha kusomwa, masufuria yameoshwa, watu wametawanyika. Mama mkwe, Bi Somoe, hakunitolea ukali wowote. Alisema neno moja tu kwa jirani zake, na jirani zake wakahakikisha linanifikia: "Mtu ambaye hata kufika hakuweza, mwanangu atambebaje?" Zuhura akabaki kwao. Siku zikawa wiki, wiki zikawa miezi, nami narudi nyumba tupu, napika ugali unaoungua chini na kuwa mbichi juu.

Ndiyo maana katibu wetu wa ushirika aliponiambia niipeleke landrova kwa fundi Lindi ibadilishwe springi, mimi moyoni sikuwa nawaza korosho hata kidogo. Nilikuwa nawaza lile tope.

Fundi Saidi, ambaye gereji yake ilikuwa jirani na soko, alinionyesha mambo mawili. La kwanza springi za kawaida, gari linarudi kimo chake cha kiwandani, na shokomzoba za kawaida. La pili lilikuwa kwenye kona ya gereji, limefunikwa gunia. Springi nene, bapa la chuma limeongezwa juu ya bapa, zinazoinua gari kwa kiasi cha shibiri nzima, na shokomzoba ndefu za kwenda nazo (maana ukiinua gari ukaacha shokomzoba fupi, alinieleza, gari likiruka kidogo tu zinavutika mpaka zinang'oka), na si ndefu tu, zilikuwa za kurekebisha, yaani chini yake kuna kigurudumu kidogo unachozungusha kwa mkono, ukitaka ngumu ngumu, ukitaka laini laini. Zilikuja kwa meli kwa ajili ya watu waliokuwa wakipima mawe huko bara, watu wakaondoka, vyuma vikabaki.

"Lakini kaka," Fundi Saidi akaniuliza, "gari hili linapanda nani?"

"Magunia," nikamjibu.

Basi hapo ndipo nilipokosea, jamani, hapo hapo. Swali zuri namna ile, mtu mwenye akili angekaa chini akalifikiri. Mimi nikaona shibiri nzima. Nikaona nimekaa juu kule kiwiko dirishani, tope liko chini huko halinifikii hata likitaka. Nikasema funga hizo.

Alipomaliza akalala chini ya gari anionyeshe vile vigurudumu. "Herufi hizi mbili, unaziona? H na S." Mara adhana ya adhuhuri ikaanza, akaniambia subiri nikirudi nikueleze, nami nikamwambia nenda zako kasali, herufi nazijua. Na kweli nilikuwa nazijua! Mimi nimesoma darasa la nne la wakati wa mkoloni. Kiingereza kilikuwa kinaanzia la tano, mimi nikaishia mlangoni. Nikatazama zile herufi kwa umakini wa msomi, nikasema mbona wazi: H ni Hafifu, S ni Sana. Ukitaka zikandamize kwa uhafifu, unapeleka H, ukitaka zikandamize sana, unapeleka S. Nikamsifu hata aliyezitengeneza kwamba ametufikiria.

Niliporudi, gari likawa gumzo. Madereva walikuja kuinama na kuchungulia tumbo. Katibu alipanda kwa kujivuta huku suruali ikilalamika, lakini akasema hewani ni kuzuri. Na siku hiyohiyo nikapata habari iliyonifanya nisilale. Kilwa Kivinje kulikuwa na harusi, binti wa dada yake Bi Somoe anaolewa, na Bi Somoe amesema (kwa jirani zake, kama kawaida) kwamba ikiwa mkwe wake ana gari linalofika, basi alilete, ampeleke harusini amrudishe, halafu suala la Zuhura ndiyo litazungumzwa. Nikamwendea katibu. Landrova ilikuwa iende Kivinje kuchukua magunia matupu, kwenda tupu au kwenda na abiria ni mafuta yaleyale. Akakuna kichwa, akasema, "Gari ni la wananchi. Mama mkwe wako naye si mwananchi?"

Asubuhi ya safari, kabla sijafika Kiswere, nilisimama njiani nikaingia chini ya gari nikazungusha vigurudumu vyote vinne kuelekea H. Nasema haya ili mjue nilikuwa na nia gani. Nilitaka mama wa watu akae kama amekaa kwenye godoro.

Kijiji kizima kilitoka. Bi Somoe akaja, mwanamke wa mwili, Mwenyezi Mungu alimjalia, amevaa buibui jipya, kashika sinia la mkate wa kumimina limefungwa kwa kitambaa cheupe, nyuma yake Zuhura wangu, ambaye hakunitazama usoni, na shangazi yake mmoja. Nikafungua mlango wa nyuma kwa madaha. Bi Somoe akatazama. Sakafu ya gari ilikuwa inamfika kifuani.

Sasa lazima niwaeleze, maana vijana mmesahau. Kwetu mkwe haguswi. Ukikutana naye njiani unampisha, macho unayaweka chini, shikamoo yako unaitoa umeinama, chakula huli mbele yake, na yeye akiwa na neno na wewe analipitisha kwa mkeo hata kama mmesimama kwenye kivuli kimoja. Kwa hiyo mimi kumshika mkono mama yule nikamvuta ndani ya gari, hilo halikuwepo. Kumsukuma kwa nyuma ndiyo kabisa, astaghafirullah, bora kuhama wilaya.

Wanawake wakajadiliana, wakaleta kinu, wakakipindua kitako juu nyuma ya gari kiwe ngazi. Zuhura na shangazi wakatangulia ndani ili wampokee kwa juu. Mimi, kwa heshima zangu zote, nikasogea karibu na mlango niushikilie usijifunge na upepo, nikageuza mgongo nisije nikaona hata kisigino cha mkwe. Na pale palikuwa mchanga mtupu.

Nikasikia "Bismillahi." Nikasikia kinu kinazama upande mmoja. Nikasikia wanawake wanasema "Aaa-aaa-aaah!" Halafu dunia nzima ikanikalia mgongoni.

Mikono miwili ikanizunguka shingo, kofia yangu ikaniziba macho, magoti yakataka kukunjika, na mimi bila kufikiri (ungefikiri nini hapo?) nikapeleka mikono nyuma, nikashika, nikanyooka. Nikawa nimembeba mama mkwe wangu mgongoni, kama mama anavyobeba mtoto, buibui na sandali na yote, nikiwa sioni mbele. Watu wakashika vinywa. Kisha bibi mmoja kule nyuma, sijui alipatwa na nini, akapiga kigelegele, na wote wakadakia kana kwamba bibi harusi ndiyo anatolewa ndani. Nikageuka, nikarudi kinyumenyume mpaka kwenye gari, Zuhura na shangazi wakamvuta, uzito ukaniondoka. Nikaenda kukaa kwenye usukani bila kumuaga mtu yeyote.

Nikajipa moyo: baya limekwisha, sasa tutakwenda taratibu, atasahau. Nikawasha gari. Hatujafika hata mwisho wa mashamba nikajua kuna kitu hakiko sawa, maana kila kishimo tulichokanyaga gari halikushuka na kupanda kama gari, lilikuwa linapiga. Linapiga chini, linatutupa juu. Nyuma nasikia du! halafu nasikia "Lahaula!"

"Zuhura," sauti ya Bi Somoe ikasema, "mwambie huyo bwana mimi si gunia la korosho."

"Mama anasema yeye si gunia la korosho," Zuhura akaniambia, na mimi namsikia mama mwenyewe vizuri kabisa.

"Mwambie mama anisamehe, ziko ngumu kidogo, nitazirekebisha."

Nikasimama, nikaingia chini, nikakuta vigurudumu viko H lakini havijafika mwisho kabisa. Nikasema aa, kumbe. Nikavikaza mpaka mwisho wa H. Nikarudi nikifuta mikono, nikamwambia Zuhura sasa itakuwa laini kama samli. Tukaondoka. Shangazi mtu akagonga kichwa juu ya bati kabla sijaingiza gia ya tatu.

Nikasimama tena, nikahakikisha tena, ziko mwisho wa H zote nne. Nikakaa pale chini nazitazama. Ndipo jambo ambalo halijawahi kutokea likatokea: Bi Somoe akainama mlangoni, kilemba kimekaa upande, akaniambia mimi mwenyewe, bila kupitia kwa Zuhura.

"Bwana wee. Kitu ukikigeuza huku kikauma, si ukigeuze kule?"

Na mimi, darasa la nne, nikamjibu nikiwa nimelala chini ya gari, "Mama, kule ni S. Kule ni Sana."

Akanitazama. Akarudi ndani.

Tope lile lenyewe, lile lililonikwamisha siku ya arobaini, au ndugu yake, tulilikuta njiani. Tukalipita kama hatujaliona. Nilitamani nigeuke niseme, mmeona? Sikuthubutu. Nyuma nilikuwa nasikia mtu ananong'ona Ayatul Kursi.

Kilwa Kivinje tukafika wakati ngoma ya wanawake imepamba moto barabarani, mbele ya nyumba ya harusi, ambayo bahati mbaya inatazamana na ghala la kununulia mazao. Nikafungua mlango. Mkate wa kumimina ulikuwa umekaliwa, umekuwa bapa kama chapati. Shangazi ameshika kichwa. Bi Somoe akachungulia chini, akaona umbali wa ardhi, na huku kinu hakuna. Wapagazi wa ghalani, vijana wema wasio na hatia, wakaona mama wa watu ameshindwa kushuka, wakakimbia wakaleta kile wanachotumia wao kila siku: ubao mrefu wa kushushia magunia. Wakauegesha mlangoni. "Teremka, mama, pole pole, huu haubonyei."

Akateremka kwa ubao wa magunia. Akafika nusu, ubao ulikuwa umelainika kwa miaka ya kuburuza mizigo, akateleza sehemu iliyobaki amekaa, akatua salama mbele ya ngoma. Na shangazi mtu, ambaye kichwa kinamuuma na ananilaumu mimi, akawaeleza wenzake palepale yaliyotokea Kiswere. Wanawake wa Kivinje hawahitaji kuambiwa mara mbili. Ngoma haikusimama, ilibadilika maneno tu:

"Kapandishwa kwa mgongo, kashushwa kwa ubao,
jamani mkwe wenu, kapakia nini leo?"

Nilikwenda nikalala chini ya landrova. Nilijifanya natengeneza. Nilikuwa nimeona aibu kiasi kwamba kama ningepata kazi ya kukaa chini ya gari maisha yangu yote ningeikubali. Na kilichoniuma zaidi hakikuwa kuchekwa. Nilikuwa nimemwona Zuhura, alipokuwa anampangusa mama yake buibui, akinitazama kwa mara ya kwanza siku ile, macho yamemjaa machozi, na sikujua kama ni ya kicheko au ndiyo ananiaga.

Dereva mmoja aliyekuwa amekuja harusini akachuchumaa kunisalimia. "Ndugu, mbona zote umeziweka ngumu? Umebeba mawe?"

"Ngumu wapi? Si H hii. Hafifu."

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Yule mtu akakaa chini kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe, akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akanieleza kwamba vyuma hivi havijui Kiswahili, kwamba H ni ya neno la Kizungu la ugumu, na S ndiyo ya ulaini. Nikazungusha zote kwenda S. Nikatoka nikakandamiza bampa kwa mkono, likashuka, likapanda, likatulia kwa adabu. Kule alikosema Bi Somoe. (Yule bwana alipofika kwenye sinia la pilau alikuwa ameshamwambia kila mtu, ndiyo nikapata jina.)

Kesho yake wakati wa kurudi Zuhura akaja peke yake. Amesimama mbali kidogo, anachezea ncha ya khanga.

"Mama anasema utangulie tu. Yeye atangoja lori. Na mimi nangoja naye."

Nikajua hapa nikiwasha gari nikaondoka, nimeondoka kwenye ndoa yangu vilevile. Nikamwambia, "Mwambie mama nimezigeuza kule."

Akaenda. Akarudi. "Mama anauliza, nani aliyekuambia uzigeuze kule?"

Ningeweza kusema ni dereva mwenzangu, na usingekuwa uongo. Lakini nikasema, "Mwambie ni yeye. Aliniambia njiani nami nikajifanya najua. Mwambie na ile siku ya arobaini, nilishinda kwenye tope nalia kama mtoto. Sikumwambia mtu."

Zuhura alikaa huko muda mrefu. Kisha mlango ukafunguka, Bi Somoe akatoka na buibui lake, akaenda moja kwa moja kwenye ule ubao, akapanda kwa magoti huku amenyooka shingo kama anapanda mimbari, na asiwepo wa kucheka.

Njia nzima sikusikia neno. Nikaogopa, nikamuuliza Zuhura kwa sauti ya chini, vipi mama? Akaniambia amelala. Na kweli, baada ya hapo nikamsikia anakoroma, na sijawahi kusikia wimbo mtamu kama ule.

Kiswere wakawa wanatungoja, habari ilikuwa imetutangulia (msiniulize kwa njia gani), na kinu wameshakiweka. Nikashuka. Nikakisogeza kinu pembeni. Nikageuza mgongo mwenyewe mbele ya wote, nikachuchumaa, nikafunga macho. Nikasema liwalo na liwe. Hapakuwa na kigelegele safari hii.

Nikasikia sakafu ya gari inalia nyuma yangu. Halafu mikono miwili ikanizunguka shingo, taratibu.

Nilipomweka chini hakuondoka. Alinyoosha buibui lake, akawatazama jirani zake wale wale, akasema kwa sauti ya kufika msikitini, "Nilisema huyu hataweza kumbeba mwanangu. Haya, mimi na unene wangu huu amenibeba, kwenda na kurudi. Zuhura, kafunge mzigo wako."

Landrova ile haikukwama tena, kwa hiyo katibu alikataa kabisa ishushwe, lakini nilimpa seremala kazi ya kunitengenezea ngazi ya mninga, nikaifunga nyuma, na tangu siku hiyo sijawahi kuchagua chuma chochote cha gari bila kujiuliza kwanza swali la Fundi Saidi, nani atapanda? Herufi nisiyoijua nauliza, hata kwa mtoto. Jina la Bwana Hafifu nalo likabaki. Wajukuu zangu wanalitumia.

Bi Somoe alitutoka uzeeni, mimi na Zuhura tukiwa naye. Siku ya mazishi nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, upande wa kichwani, na wabebaji walikuwa wanakwenda mbio kama ilivyo desturi, wanapokezana, jeneza linapanda na kushuka juu ya mabega, nami nikajisikia nasema kwa sauti, sikukusudia, "Taratibu, jamani. Huyu si gunia la korosho." Wazee wa Kiswere waliokumbuka wakacheka huku wanalia, na wakapunguza mwendo.